Mwongozo wa kutia ladha vinywaji baridi: nanaa, mchaichai, tangawizi, rosela na maua

Kaskazi ikishaingia, kuanzia Desemba mpaka Machi, mwambao mzima huwaka joto na kila nyumba hutafuta cha kupozea koo. Hapo ndipo maswali huanza, na ni yale yale kila mwaka. Mbona nanaa yangu imekuwa nyeusi? Mbona juisi ya ndimu imekuwa chungu? Nimetia mchaichai fungu zima, mbona hausikiki? Nimeyakusanya majibu hapa ili anayeanza ayapate pahala pamoja, kisha aingie jikoni.

Wengi wanaoviharibu vinywaji hivi si kwamba hawajui kupika. Wanajua mno kupika chai. Kwenye chai ya viungo unatupia kila kitu sufuriani, tangawizi, hiliki, mdalasini, mchaichai, unaacha ichemke mpaka nyumba nzima inukie. Ukifanya hivyo kwa kinywaji baridi, harufu inaishia puani mwa majirani na wewe unabaki na uchungu. Kila jani, ua na kiungo kina joto lake. Ukilishika hilo, kilichobaki ni ndimu na sukari tu.

Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

Vyombo:

- Sufuria ya stenlesi au ya enameli, yenye mfuniko wake.
- Chujio lenye matundu madogo, na kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa bila sabuni yenye harufu.
- Jagi la lita 2.
- Kinu kidogo na mchi. Kama huna, hata chupa nzito inatosha kupondea.
- Chupa za kioo zenye vifuniko vya kukaza.
- Kikombe cha kupimia cha mililita 250. Nikisema "kikombe" humu ndani, ndicho hicho.

Vya kutia kwenye jagi lako la kwanza:

- Sukari kikombe 1.
- Tangawizi mbichi, kipande cha urefu wa kidole gumba.
- Mchaichai mbichi, mashina 4, pamoja na ile sehemu nyeupe ya chini.
- Nanaa mbichi, vitawi 10 hivi.
- Ndimu 6 zenye ganda jembamba na laini. Zenye ganda gumu na zito huwa na maji kidogo.
- Maji ya kunywa lita 2.
- Chumvi, kiasi cha kushika kwa ncha za vidole viwili.
- Barafu.

Neno moja kuhusu sufuria, kwa sababu wengi hulidharau. Sufuria nyingi za masokoni kwetu ni za aluminiamu. Kwa shira tupu, yaani sukari na maji, hazina neno. Lakini ukiweka humo ndimu, ukwaju, rosela au ubuyu, ukali wa vitu hivi huila sufuria, na kinywaji hupata ladha ya chuma ambayo hakuna sukari itakayoificha. Kama aluminiamu ndiyo uliyo nayo, chemsha maji humo, kisha ukamimine juu ya vitu vyako vichachu kwenye bakuli la kioo au la udongo.

Joto la kila kitu

Nadharia ni hii tu. Vitu vigumu, yaani mizizi, magome, mbegu na matumba makavu ya maua, vinataka kuchemshwa, kwani harufu yake imefungiwa ndani: tangawizi, mdalasini, hiliki, karafuu. Majani laini na maua hayataki kuuona moto: nanaa, mrehani, waridi, asumini. Haya hulowekwa kwenye maji ya moto yaliyokwisha kuondolewa jikoni, au kwenye maji baridi kabisa. Mchaichai uko katikati, unastahimili mchemko mdogo wa dakika chache. Maji ya ndimu hutiwa mwisho, kila kitu kikiwa kimepoa.

Jagi lifuatalo nimelichagua kwa makusudi, maana lina vyote: cha kuchemsha, cha kuloweka na cha kutia baridi. Ukiliweza hili, mengine utayatunga mwenyewe.

Hatua kwa hatua: jagi la ndimu, tangawizi, mchaichai na nanaa

1. Chemsha maji yote usiku wa kuamkia siku hiyo. Yaache yatokote, yafunike, yapoe. Sehemu yake jaza kwenye trei za barafu. Watu huchemsha maji ya kunywa kwa uangalifu mkubwa halafu wakatumbukiza barafu iliyotengenezwa kwa maji ya bomba. Barafu ni maji, na kugandishwa hakuui vijidudu vyote.

2. Chagua majani kwa pua. Fikicha jani moja la nanaa kati ya vidole unuse. Kama harufu haikupandi papo hapo, fungu hilo liache sokoni hata liwe la kijani kiasi gani. Mchaichai ukatwe sehemu nyeupe uone unyevu, ukikauka huwa umebaki nyasi. Tangawizi nzuri ina ganda lililokaza, haijasinyaa wala kuota ukungu kwenye maungio.

3. Osha vizuri. Tumbukiza nanaa kwenye beseni la maji, tikisa, inua majani juu na umwage maji. Usimwage maji na majani kwa pamoja kwenye chujio, maana mchanga uliokwisha tua chini utarudi juu ya majani. Rudia mpaka maji yabaki safi. Mchaichai una mchanga kwenye maungo ya majani ya chini, ubandue gamba la nje kwanza. Mbichi zote hizi hutoka shambani, na katika kinywaji baridi nyingine hazitapita motoni kabisa, kwa hiyo usiharakishe hapa.

4. Anza shira. Weka kikombe 1 cha sukari na kikombe 1 cha maji kwenye sufuria. Koroga juu ya moto mdogo mpaka sukari iyeyuke yote, halafu weka mwiko kando. Shira ikishaanza kuchemka usiikoroge tena, kwa kuwa ndiko kunakoifanya irudi kuwa chembe za sukari ikipoa.

5. Tia tangawizi, funika. Ikate vipande vyembamba, huna haja ya kuimenya kama imeoshwa vyema. Chemsha kwa moto mdogo dakika 10. Mfuniko usiutoe, maana mvuke unaotoka ndio harufu yenyewe inayokwenda.

6. Tia mchaichai dakika 5 za mwisho. Kabla ya kuutia, gonga ile sehemu nyeupe kwa mchi mpaka ipasuke, kisha funga majani fundo ili iwe rahisi kuyatoa. Mchaichai uliotiwa mzima mzima bila kugongwa ndio ule ambao "hausikiki".

7. Zima moto. Subiri dakika 3. Ndipo nanaa. Hatua hii ndiyo inayoharibiwa kuliko zote. Shira ikiwa bado inatokota, nanaa itageuka kahawia na kutoa harufu ya mboga iliyopikwa. Acha itulie, tumbukiza vitawi, vibonyeze vizame, funika. Baada ya dakika 10 onja. Ikifika 15 viondoe hata kama unaona bado, maana zaidi ya hapo kinachoongezeka ni uchungu.

8. Chuja bila kukamua. Mkono utakuwasha kukamua ile nanaa kwa kitambaa ili usipoteze kitu. Uzuie. Ukikamua, unatoa utomvu wa kijani na uchungu wake. Tangawizi na mchaichai vilivyobaki usitupe, vitie kwenye chai ya jioni.

9. Poza haraka. Weka sufuria ndani ya beseni la maji baridi. Usiingize shira ya moto kwenye friji, utapasha moto vyakula vya wenzako.

10. Sasa ndiyo ukamue ndimu. Zibiringishe kwanza mezani kwa kiganja, kata, kamua, ondoa kokwa. Unahitaji kama nusu kikombe cha maji yake. Ukipenda harufu zaidi, kwangua ganda la kijani la ndimu moja na uloweke kwenye shira iliyopoa kwa robo saa. Kijani tu, ukifika kwenye nyeupe umeshafika kwenye uchungu. Na kamwe usitupie nusu za ndimu zilizokamuliwa ndani ya jagi "kwa urembo" zikakaa saa nzima. Kokwa na ganda lake jeupe huendelea kutoa uchungu taratibu, na hiyo ndiyo sababu ya zile juisi zinazokuwa tamu saa sita na chungu saa nane.

11. Changanya. Tia robo tatu ya shira kwenye jagi, maji yote ya ndimu, halafu maji baridi lita 1 na nusu. Koroga. Robo ya shira iliyobaki ni ya kurekebishia.

12. Onja kikiwa baridi. Mimina kidogo kwenye glasi yenye barafu, subiri dakika moja, onja. Ulimi uliopozwa hausikii utamu vizuri, na barafu inayeyuka na kuzimua. Kwa hiyo kinywaji kilichokuwa sawa sawa kikiwa vuguvugu kitakuwa chapwa kwenye glasi. Kinatakiwa kikolee kidogo kuliko unavyodhani. Tia ile chumvi sasa. Haitasikika kama chumvi, lakini itainua ndimu.

13. Mimina. Barafu kwanza, kinywaji baadaye. Kwa jani la juu la urembo, weka nanaa kwenye kiganja, piga kofi moja, kisha itie kwenye glasi. Kuichanachana hakuna faida, vipande vitaishia kwenye meno ya wageni.

Ukitaka chenye gesi, punguza maji ya kawaida na ongeza maji ya soda ndani ya glasi, si ndani ya jagi. Yakikaa kwenye jagi gesi itakuwa imekwisha kabla mgeni wa pili hajafika.

Rosela inataka maelezo yake peke yake

Rosela, ambayo wengine huiita choya, ndiyo inayoulizwa zaidi baada ya nanaa. Tunachotumia ni yale magamba mekundu yanayofunika tunda baada ya ua kuanguka, yakakaushwa. Si yale maua makubwa mekundu ya uani na kwenye ua wa nyumba, hata kama ni ya ukoo mmoja. Wasudani na Wamisri huyaita karkade na huyanywa ya moto na ya baridi. Huko Senegali kinywaji hiki huitwa bissap na mara nyingi hutiwa nanaa, na kwa maoni yangu huo ndio mchanganyiko bora kuliko yote.

Kwa lita 2 za maji tumia kikombe 1 cha rosela kavu. Isuuze haraka kwa maji baridi kuondoa mchanga, usiiache ikalowa humo maana rangi nzuri inatoka mwanzo. Halafu una njia mbili.

Ya moto: mimina maji yanayochemka juu yake kwenye bakuli la kioo au sufuria ya enameli, tia karafuu 3 na kijiti kimoja cha mdalasini, funika dakika 15 hadi 20, chuja. Usiichemshe rosela yenyewe jikoni kwa nusu saa kama wanavyofanya wengi, utapata ukali unaokausha mdomo, na utalazimika kuutibu kwa sukari ambayo hukuipanga.

Ya baridi: loweka rosela kwenye maji baridi yaliyochemshwa na kupozwa, weka kwenye friji usiku kucha, kwa muda wa saa 8 mpaka 12. Hutoka laini zaidi, rangi angavu, na sukari inayohitajika huwa kidogo. Mimi huchagua hii. Viungo vigumu havitoi kitu kwenye maji baridi, kwa hiyo vichemshe kwenye shira pembeni na uunganishe asubuhi.

Tahadhari ni mbili. Rosela haitoki kwenye nguo nyeupe, kanzu ya Ijumaa iwe mbali. Na kinywaji hiki kinaweza kushusha shinikizo la damu, kwa hiyo anayetumia dawa za presha amuulize daktari wake kabla ya kukifanya cha kila siku, na mama mjamzito vilevile.

Michanganyiko mingine, kwa kifupi

*Ukwaju.* Loweka kwenye maji vuguvugu nusu saa, vuruga kwa mkono, chuja kokwa na nyuzi. Unaelewana na tangawizi, hiliki, na bizari nyembamba iliyokaangwa kavu ikasagwa, nusu kijiko cha chai kwa jagi. Ukitia punje za pilipili manga zilizopondwa utashangaa.

*Ubuyu.* Usiupike. Vitamini C iliyomo huharibiwa na moto, na unga wake huwa mzito kama uji. Koroga unga kwenye maji vuguvugu, chuja kwa kitambaa, tia shira ya hiliki.

*Tikiti maji na mrehani.* Saga tikiti bila kokwa, tia ndimu kidogo, loweka vitawi viwili vya mrehani ndani ya jagi kwenye friji kwa saa moja, viondoe. Hapana moto kabisa. Kinywewe siku hiyo hiyo.

*Nanasi.* Maganda yaliyosuguliwa vizuri kwa brashi huchemshwa na tangawizi na mdalasini dakika 20, yakachujwa na kupozwa. Kitu cha bei ndogo chenye harufu kubwa.

*Embe na hiliki, pesheni na mchaichai, tango na nanaa.* Hizi hazinishindi kusifu, ila hazihitaji maelezo. Fanya shira ya kiungo, saga tunda, unganisha.

*Miwa.* Wanaokamua miwa pale Forodhani, Unguja, huweka tangawizi na ndimu katikati ya miwa kabla ya kuipitisha kwenye mashine, vyote vikakamuliwa kwa pamoja. Nyumbani bila mashine, nunua juisi ya miwa tupu na utie shira ya tangawizi kidogo mno, maana sukari tayari imo. Hiyo pia haingoji kesho, hubadilika rangi na kuchacha upesi.

*Dafu.* Maji ya dafu, majani machache ya nanaa yaliyopigwa kofi, matone ya ndimu. Ukitia sukari umemtusi mkwezi.

Maua: hapa nenda polepole

Waridi na asumini ni harufu za harusini, na ndiyo maana huchanganya watu. Marashi ya mawaridi yanayonyunyizwa kwa mrashi si lazima yawe ya kunywa. Mengine yametiwa manukato ya dukani. Nunua yaliyoandikwa kuwa ni ya chakula. Wenye ndugu Oman wanaweza kuagizia yale ya Jabal Akhdar, yanayochujwa kwa mvuke wa moto wa kuni na kuwa na harufu ya moshi kidogo. Kijiko kimoja cha chai kwa jagi la lita 2, onja, ndipo ufikirie cha pili. Waridi likizidi, kinywaji kinanuka sabuni ya kuogea.

Petali za waridi mbichi zinafaa pia, lakini za bustani yako au ya mtu unayemjua. Maua ya duka la maua hupuliziwa dawa za wadudu ambazo hazikukusudiwa kuingia tumboni.

Asumini ni ile ile ya kikuba, vikonyo vyeupe vinavyofunguka usiku. Vichume jioni vikiwa bado vimefumba, vioshe taratibu, vielee kwenye maji baridi yaliyofunikwa usiku kucha, vitoe asubuhi. Vikonyo 10 kwa lita vinatosha. Maji hayo tumia kuzimulia shira tupu yenye ndimu kidogo. Kama una shaka lolote kwamba ua ulilonalo ndilo, liache. Kunukia vizuri si ushahidi kwamba ua linalika.

Aliye mbali na soko la Kariakoo

Msomaji wa Ulaya au Marekani ambaye joto lake huja Juni mpaka Agosti atapata nanaa mbichi bila shida, mchaichai mara nyingi kwenye maduka ya Waasia, na rosela kavu kwenye maduka ya Waarabu au ya Waafrika wa Magharibi. Ukilazimika kutumia majani makavu, chukua theluthi ya kipimo cha mabichi na uyaloweke kwa maji ya moto, si ya baridi. Hiliki nunua ya maganda ya kijani uiponde mwenyewe. Ile iliyosagwa ikakaa dukani imebaki rangi tu.

Arki za chupa, za nanaa na za waridi, sizipendekezi kwa anayeanza. Tone moja likizidi hakuna kurudi nyuma.

Kuhifadhi

Hifadhi shira, usihifadhi kinywaji. Shira ya kikombe kwa kikombe, kwenye chupa ya kioo iliyosuuzwa kwa maji ya moto na kukaushwa, hukaa kwenye friji wiki mbili. Kwa mfungo, fanya ya hiliki kabla ya mwezi kuandama na nyingine katikati ya mwezi, na kila magharibi utakuwa na kazi ya kukamua na kuzimua tu.

Umeme ukiwa wa kukatikakatika, ongeza sukari: vikombe 2 kwa kikombe 1 cha maji. Shira nzito namna hiyo haiharibiki upesi, ila kumbuka kuizimua zaidi. Ama sivyo igandishe kwenye trei, kidonge kimoja kimoja kwa glasi.

Kilichokwisha tiwa ndimu kinywewe ndani ya siku moja au mbili. Cha tunda lililosagwa, siku hiyo hiyo.

Ukibadilisha sukari kwa asali, itie shira ikiwa vuguvugu ili harufu yake isipotee, na usimpe mtoto wa chini ya mwaka mmoja kinywaji hicho. Mwenye kisukari apunguze shira mpaka robo na aegemee harufu: mchaichai na mdalasini hudanganya ulimi vizuri.

Ikienda kombo

Ni kichungu. Tafuta mojawapo ya haya: nanaa ilikaa mno, kitambaa kilikamuliwa, ganda jeupe la ndimu limo ndani. Uchungu hautolewi kwa sukari. Jaribu chumvi kidogo sana na uzimue kwa maji. Uchungu ukikataa kutoka, gawa kinywaji hicho nusu na uchanganye na shira mpya.

Nanaa imekuwa kahawia. Ilikutana na mchemko. Ladha ikiwa bado nzuri, chuja, unywe, hakuna madhara. Mara nyingine hesabu zile dakika 3.

Harufu haisikiki. Ama majani yalikuwa yamechoka, ama hukuyaponda, ama uliacha sufuria wazi. Dawa ya haraka ni kuloweka kitawi kibichi ndani ya jagi kwa nusu saa kwenye friji. Kuchemsha upya kinywaji chenye ndimu si dawa, ladha yake mbichi itapotea.

Shira imegeuka mawe ya sukari. Iliguswa na mwiko wakati wa kuchemka, au sukari iliyoganda pembeni mwa sufuria ilirudi ndani. Ongeza maji vijiko viwili, pasha taratibu mpaka iyeyuke, tia matone machache ya ndimu. Ndimu huizuia isirudi tena.

Maziwa yamekatika. Umechanganya maziwa na kitu kichachu, au na tangawizi mbichi. Tangawizi mbichi hukata maziwa hata bila ndimu, na nanasi bichi huyafanya machungu. Ukitaka vinywaji vya maziwa, tumia tangawizi iliyochemshwa, hiliki, vanila au waridi.

Kuna unga mweupe chini ya jagi. Ni wanga wa tangawizi iliyosagwa. Hauna neno. Acha utue, mimina juu kwa uangalifu, au tumia vipande badala ya kusaga.

Rosela imekuwa zambarau iliyofifia badala ya nyekundu. Maji yako si ya kawaida, mara nyingi ni ya kisima chenye chumvi au magadi. Kamulia ndimu, wekundu utarudi mbele ya macho yako. Ladha ya chumvi ya maji hayo haitaondoka, kwa hiyo jagi lijalo tumia maji mengine.

Kifuniko kimefura na chupa inatoa povu ukiifungua. Shira imechacha. Usiionje, usiichemshe upya kuiokoa. Imwage, chupa uiloweke kwa maji ya moto na sabuni, kifuniko kilicholegea mpira ukitupe.